Stelingi anakufa

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, Kijenge. Kwenye runinga iliyoning'inizwa juu ya kioo walikuwa wamewasha Sholay, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1975, na kijana anayeninyoa alikuwa akiiona kwa mara ya kwanza. Tulifika pale Jai anapokufa mikononi mwa rafiki yake Veeru. Mashine ikasimama nusu ya kichwa. Kijana akaguna, kisha akasema, "Aisee mzee, kumbe huyu mrefu hakuwa stelingi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Si amekufa?"

Mashine ilikuwa imerudi kisogoni, nikanyamaza. Lakini hii ni mara ya ngapi sijui nasikia hoja hiyo, na kwa kuwa sasa hakuna anayenishikia kichwa, ngoja niseme.

Maana ya stelingi haina mzunguko. Ni yule ambaye picha inamfuata. Akiingia chumbani tunaingia naye, akitoka tunatoka naye, na asiyoyajua yeye mara nyingi na sisi hatuyajui. Wa upande wa pili ni adui. Basi.

Neno lenyewe ndilo lina mambo. Limetoka kwenye mabango ya sinema. Bango la Kiingereza liliandikwa "starring", kisha yakafuata majina. Kwa wenyewe hilo ni tendo la filamu, si mtu: filamu inawaweka mbele fulani na fulani. Mwingereza hamwiti mtu hivyo hata siku moja. Sisi tulilikuta limekaa juu ya jina la mtu, tukaliona kama cheo, mfano wa Kapteni au Sheikh, tukamvisha mwenye jina. Halafu tukalipa ngeli ya watu: stelingi kaja, mastelingi wamekuja. R ikalainika ikawa l. Wapo wanaosema steringi, wapo wa staringi, sina ugomvi nao.

Ugomvi nilikuwa nao kwa rafiki yangu mmoja, dereva wa watalii, aliyeshikilia kwamba neno limetokana na pauni sterling, eti kwa sababu stelingi ndiye mwenye thamani kubwa kwenye picha. Aliwahi kuwaelezea wageni wake njiani kuelekea Momella kwamba John Wayne ndiye aliyekuwa "the sterling" wa Hatari!, ile filamu ya 1962 iliyopigwa huku kwetu Arusha, Wayne akikimbiza vifaru na twiga kwa gari. Wageni wakafikiri anazungumzia malipo. Nilimcheka sana. Baadaye nikaja kusoma kwamba baadhi ya wataalamu wa Kiingereza wanadhani hata hiyo sterling ya pauni asili yake ni "kinyota", kwa sababu ya nyota iliyochorwa kwenye senti fulani za kale. Sijamwambia mpaka leo. Atanisumbua.

Turudi kwa kinyozi. Kinachomchanganya yeye na wenzake ni kwamba tuna maneno mawili yaliyotoka kwenye neno moja la Kiingereza, star, yaani nyota: stelingi na staa, nao wanayapiga chapa moja. Staa ni mtu wa kweli. Ana nyumba, ana mke, anazeeka, picha zake zinabandikwa kwenye daladala. Stelingi anaishi ndani ya filamu moja tu, na taa zikiwashwa hayupo. Amitabh Bachchan, aliyecheza kama Jai, ni staa. Jai ni stelingi. Amitabh ataonekana tena kwenye picha nyingine akiwa mzima kabisa, na nadhani hapo ndipo ule msemo wetu wa "stelingi hafi" ulipopata nguvu. Watu waliona sura ileile ikifa Jumamosi na kufufuka Jumamosi nyingine, wakahitimisha kwamba haifi. Walikuwa sahihi kuhusu sura. Sura ni ya staa.

Kama unataka kuona maneno haya mawili yakiachana peupe, mtazame Bruce Lee. Katika Fist of Fury ya 1972 anacheza kama Chen Zhen, mwanafunzi anayelipiza kisasi cha mwalimu wake Shanghai. Mwishoni anajitoa ili shule yake isalimike. Anatoka nje, anakuta bunduki zimepangwa zinamsubiri, anakimbia kuzielekea, anaruka. Picha inaganda akiwa hewani, mdomo wazi, na unasikia milio ya risasi. Mwisho.

Mimi niliiona kwenye kibanda umiza kimoja Ngarenaro, enzi za kanda na deki, tumebanana kwenye mabenchi kama dagaa kwenye gunia. Ilipoganda, kibanda kizima kilipiga kelele: "Kanda imekwama!" Mwenye kibanda akaenda akaipiga deki kofi ubavuni, akaitoa kanda, akaipuliza, akairudisha nyuma kidogo, akabonyeza tena. Bruce Lee akaruka tena, akaganda tena palepale. Wakadai warudishiwe hela. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alisema taratibu kwamba haijakwama, amekufa, na nusura wamtoe nje. Chalii mmoja akamjibu kwa hasira, "Sasa mzee, stelingi atakufaje?" Nilitoka pale nikiamini kabisa kwamba kuna kipande kilichobaki, kwamba mahali fulani, labda Nairobi, wana kanda ndefu zaidi ambamo anatua, anawapiga wale askari wote, anarudi nyumbani. Nilikaa na imani hiyo miaka.

Halafu ona Enter the Dragon ya 1973. Humo stelingi anamaliza kazi yake, adui anachomwa kwenye mkuki, na yeye anabaki hai mpaka mwisho. Staa ndiye aliyekufa: Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, na filamu ilitoka baada ya hapo. Kwa hiyo katika ile ya kwanza stelingi kafa staa akiwa mzima, na katika hii stelingi ni mzima staa akiwa kaburini. Mtu akishaliona hilo haihitaji kamusi.

Kuna na kosa la pili, dogo kidogo, la kudhani stelingi lazima awe shujaa. Psycho ya mwongozaji Hitchcock, 1960: tunamfuata mwanamke aliyeiba dola 40,000 kazini kwake. Tunakimbia naye, tunaogopa polisi pamoja naye, tunapanga naye chumba kwenye moteli. Ni mwizi, na ni stelingi wetu kwa kila hali. Kisha anachomwa kisu bafuni kabla filamu haijafika hata nusu. Hitchcock alishikilia kwamba picha ikishaanza mtu asiruhusiwe kuingia, na mimi namwelewa. Anayechelewa angekaa anamsubiri mtu ambaye kashazikwa.

Na iko nyingine inayoniuma zaidi ya hiyo, Night of the Living Dead ya 1968. Stelingi ni Ben, mtu mweusi, amechezwa na Duane Jones. Usiku mzima anapigilia mbao madirishani maiti zinazotembea zisiingie. Asubuhi yeye peke yake yu hai. Waokoaji wanafika, wanamwona dirishani, wanadhani naye ni mmoja wa zile maiti, wanampiga risasi. Sasa mtu aniambie huyo hakuwa stelingi. Alikuwa nani, mpita njia?

Nilirudi kwa yule kinyozi juzi, maana alinibakizia nywele nyuma ya sikio la kushoto. Sikumhutubia. Nilimuuliza tu kama aliimalizia Sholay. Akasema ndiyo, tena alishangaa Veeru alipoiokota ile sarafu ya Jai, ile waliyokuwa wakiirusha kila walipotaka kuamua jambo, akaikuta pande zote mbili zinafanana. Muda wote Jai alikuwa anachagua mwenyewe.

"Hapo mzee nilisikia vibaya," akasema. "Sijui kwa nini, na wala hakuwa stelingi."

"Alikuwa stelingi, mdogo wangu," nikamwambia. "Amekufa tu."

Akafikiri kidogo, akapuliza nywele kwenye mashine, akaniuliza kama na ndevu nazo aguse.