Hiyo Si Rumba ya Kongo: Dhana Potofu Kuhusu Bembeya Jazz

Juzi mwanafunzi wangu wa gitaa kanisikilizisha Bembeya Jazz, bendi ya Guinea, kwenye simu, kisha akasema: "Mwalimu, nifundishe rumba hii ya Kongo." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno. Leo nayajibu, pamoja na dhana nyingine potofu kuhusu bendi hiyo.

"Gitaa tamu namna hii ni la Kongo tu."
Bembeya ilizaliwa mwaka 1961 mjini Beyla, Guinea. Mpiga solo wake, Sékou Diabaté, ni wa ukoo wa jeli, watu wanaorithishana muziki na historia za Wamande, jamii ya Afrika Magharibi. Sikiliza solo yake: inaanzia juu, inateremka mfululizo, kama nyundo za balafoni, marimba ya Afrika Magharibi, zinavyoshuka mbao moja baada ya nyingine. Chini yake kuna mzunguko mfupi unaojirudia. Wapiga kora, kinubi cha Kimande, huuita kumbengo, na ile michirizi ya haraka huiita birimintingo. Sebene ya Kongo, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, hunoga kwa magitaa kujibizana. Mpiga gitaa wa Kimande anaweza kubeba mzunguko na michirizi peke yake. Kinachowachanganya watu ni Cuba, kwa sababu Kinshasa na Conakry, mji mkuu wa Guinea, zote zilicheza santuri za Cuba. Lakini vidole vya Diabaté vilifunzwa nyumbani.

Kwa hiyo nasisitiza: weka gitaa pembeni wiki nzima. Sikiliza balafoni tupu, iimbe kwa mdomo mpaka ikukae. Ukirudi, achana na piki, kile kijibamba cha kukwanyulia nyuzi. Tumia dole gumba na kidole cha shahada. Anayeruka hatua hii namtambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

"Jina linasema jazz, basi ni jazz ya Marekani."
Mbona Morogoro Jazz na Western Jazz za kwetu hatuzisemi hivyo? Jazz ilimaanisha bendi ya dansi, basi.

"Bendi ya serikali haina ubunifu."
Bembeya ilifanywa bendi ya taifa mwaka 1966, na ndiyo, iliimba sifa za chama cha Sékou Touré, rais wa Guinea wakati huo. Bendi hiyohiyo ilisimulia maisha ya Samory Touré, aliyepigana na Wafaransa, kwa pande mbili nzima za santuri: masimulizi ya jeli, balafoni, matarumbeta. Isikilize yote kwanza, ndipo tubishane.

"Ilikufa na Demba Camara."
Mwimbaji huyo wa Bembeya alifariki mwaka 1973 baada ya ajali ya gari Dakar, na pigo lilikuwa kubwa. Ila mwaka 2002 Bembeya ilitoa albamu mpya, na Diabaté yumo, anateremka vilevile.