Boila Inayodondosha Maji Katika Nyumba ya Kupanga: Usikubali Valvu Izibwe

Ukihamia nyumba ya kupanga ukaikuta boila ya umeme (tangi la kupashia maji moto) ukutani, usikimbilie swichi. Tazama kwanza mahali bomba la maji baridi linapoingia kwenye tangi. Hapo lazima pawe na valvu ya usalama: kipande kidogo cha chuma chenye kiwenzo (mkono mdogo wa kuinua) na mdomo wa kutolea maji. Mdomo huo ukiwa umezibwa kwa kizibo, gundi au kijiti, boila ibaki imezimwa hadi fundi aje.

Valvu hii mara nyingi huharibiwa kwa nia njema. Mpangaji analalamika kwamba sakafu inalowa, mwenye nyumba anamtuma mtu akazuie maji, naye anaziba. Maji yanakoma kweli, na kila mtu anaamini kazi imeisha.

Maji yakipata moto hutanuka. Tangi la lita 100 likipashwa kutoka nyuzi joto 20 hadi 60, maji yake huongezeka kwa takribani lita moja na nusu. Valvu isiyorudisha maji, iliyopo kwenye njia ya maji baridi, hairuhusu ziada hiyo irudi ilikotoka, kwa hiyo presha hupanda mpaka springi ya valvu ya usalama isalimu amri na ziada idondoke nje. Kiwango cha kufunguka huwa kimeandikwa kwenye valvu yenyewe, mara nyingi baa 7 au 8 (baa ni kipimo cha presha).

Kabla ya kufika hapo kuna walinzi wengine wawili. Thamostati hukata umeme maji yakifikia joto lililopangwa, na ikigoma, kuna kikata joto kinachofyatuka na kubaki hivyo mpaka kirudishwe kwa mkono. Kikata joto kinachofyatuka mara kwa mara mara nyingi kinaashiria kwamba thamostati imekufa, lakini tunajua wapo wanaokiruka kwa kipande cha waya ili boila iendelee kufanya kazi. Ukiongeza na valvu iliyozibwa, hakuna mlinzi aliyebaki. Maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa, na tangi likipasuka presha huanguka ghafla, sehemu ya maji hayo ikageuka mvuke papo hapo. Mvuke huhitaji nafasi ya zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Nguvu hiyo inatosha kubomoa ukuta.

Basi utajuaje kama matone ni ya kawaida? Tega chombo chini ya mdomo tangi likiwa limepoa, washa, usifungulie maji ya moto mpaka boila ijikate yenyewe, kisha pima. Kwa tangi la lita 100, kiasi kisichozidi lita moja na nusu hakina shida. Yakizidi sana, au yakidondoka hata tangi likiwa baridi, chanzo mara nyingi huwa kimoja kati ya viwili. Huenda mchanga au chokaa imekwama chini ya kizibio cha valvu, na hapo kuinua kiwenzo kwa sekunde chache huweza kuisafisha (kaa mbali na mdomo, maji yanaunguza). Au presha ya maji yanayoingia nyumbani ni kubwa mno. Fundi aipime kwa geji. Ikipita baa 5, afunge valvu ya kupunguza presha na kuiweka kwenye baa 3 hivi. Anayekerwa na matone ya kawaida anaweza kuomba tangi dogo la upanuzi, linalopokea maji ya ziada, lenye utando wa mpira ndani, la lita 5 hivi kwa boila ya ukubwa huo.

Kiwenzo kiinuliwe angalau kila miezi sita. Ila valvu iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza kukataa kufunga tena, hivyo mara ya kwanza fanya fundi akiwepo.

Angalia pia makosa ya ufungaji. Koki iliyowekwa kati ya valvu ya usalama na tangi ni hatari, maana ikifungwa valvu haina kazi. Mpira wa kutolea maji kwenye mdomo wa valvu uteremke njia yote na ncha yake ibaki wazi, ionekane. Tangi la lita 100 lililojaa hupita kilo 120 pamoja na chuma chake, kwa hiyo ukuta wa mbao nyembamba haulifai. Upande wa umeme, boila ya kilowati 3 huvuta ampea 13 kwenye volti 230: haitakiwi kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, sembuse ya kurefushia. Inahitaji laini yake, swichi inayokata nyaya zote mbili, waya wa ethi na breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Ukihisi bomba linakutekenya kwa umeme, zima kwenye swichi kuu, usioge.

Maji ya moto yakitoka na kutu huku ya baridi ni safi, huenda fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi imeliwa yote. Kazi yake ni kuliwa badala ya chuma cha tangi. Ikaguliwe kila mwaka au miwili, na ibadilishwe ikipungua nusu ya unene. Tangi likishatoboka halichomelewi, linabadilishwa.

Boila ya gesi ina hatari yake: monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Mwali wa manjano, masizi, au watu kadhaa kuumwa kichwa wakiwa ndani: zima, fungua madirisha, tokeni.

Unapomwandikia mwenye nyumba, ambatisha picha ya valvu inayoonyesha kiwango chake cha kufunguka, kiasi cha maji ulichopima na muda uliopimia. Fundi akimaliza, hakikisha amejaza tangi mpaka bomba la maji ya moto litoe maji mfululizo bila hewa, ndipo awashe. Elementi (kipashio cha umeme) ikiwashwa ndani ya tangi kavu huungua mara moja.