Kukatiza Usingizi ili Kutoka Nje ya Mwili: Yanayosemwa na Yaliyopimwa

Anayetaka kutoka nje ya mwili wake usiku huelekezwa alale mapema, ategeshe simu imwamshe saa kumi usiku, akae macho kwa nusu saa au zaidi, kisha arudi kitandani na kulala chali bila kujitikisa. Maelekezo haya si ya uongo. Kwa baadhi ya watu, na kwa baadhi ya siku, huleta matokeo, na ndiyo maana maelezo yasiyo na msingi yaliyobandikwa juu yake huaminika kwa urahisi. Mtu aliyesikia mtetemo mwilini, akajihisi anapaa hadi darini na kujiona amelala chini, amepatwa na jambo la kweli wala hamdanganyi yeyote anapolisimulia. Kinachobishaniwa ni tafsiri yake.

“Usingizi ukikatizwa, roho hulegea”

Wanaofundisha mbinu hii husema kwamba kuamshwa katikati ya usiku hulegeza kifungo cha roho na mwili, na kwamba anayerudi kulala huku angali anajitambua huipa roho upenyo wa kutoka. Kwa kweli jambo linaloelezeka hapa ni mwenendo wa usingizi wenyewe. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba usingizi una kipindi ambacho macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba wanaoamshwa katika kipindi hicho mara nyingi husimulia ndoto. Miaka michache baadaye Michel Jouvet, aliyefanya kazi na paka mjini Lyon, Ufaransa, alionyesha kwamba wakati huo ubongo hushughulika kama wa aliye macho ilhali misuli imelegea kabisa, kwa sababu ubongo huohuo huizima ili mwotaji asiinuke na kutenda anachokiota. Usingizi huu wa ndoto hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Kipindi cha kwanza huwa kifupi, pengine dakika 10 tu, kwa kuwa saa za mwanzo hutawaliwa na usingizi mzito. Kadiri alfajiri inavyokaribia, ndivyo vipindi vya ndoto vinavyorefuka.

Siri ya saa kumi usiku ni hiyo. Anayeamka baada ya kulala kwa muda wa saa tano au sita ameshapata sehemu kubwa ya usingizi mzito, na kilichobaki kwa wingi ni usingizi wa ndoto. Akikaa macho kidogo, fahamu zake huchangamka. Akirudi kulala, ndoto humpokea upesi kuliko kawaida, wakati mwingine kabla fahamu hizo hazijazimika. Misuli imeshalala, picha za ndoto zimeshaanza, na mwenyewe bado anajijua.

Jaribio lililoonyesha jambo hili waziwazi lilifanywa Japani na Takeuchi na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1992. Hawakuwa wakitafuta safari za roho. Walitaka kuzalisha jinamizi katika maabara, yaani ile hali ya kuzinduka huku mwili umefungwa, ambayo Wajapani huiita kanashibari. Watu 16 wenye afya walilala maabara kwa siku nne za majaribio. Waliamshwa dakika 40 baada ya kipindi cha ndoto kwisha, katika mzunguko wa kwanza au wa tatu wa usingizi, wakawekwa macho kwa dakika 60, kisha wakaachwa walale tena. Katika asilimia 71.9 ya nafasi hizo usingizi wao ulianza na ndoto, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu mzima mwenye afya. Jinamizi lilitokea mara 6, sawa na asilimia 9.4, na mara zote isipokuwa moja lilichipuka katika usingizi huo wa ndoto uliowahi kabla ya wakati wake. Hakuna aliyesomewa chochote wala kufukiziwa ubani. Saa ya kupimia dakika ilitosha.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda maabara ili kulitambua jambo hili. Katika mwezi wa Ramadhani mtu huamka kula daku, husali Alfajiri, kisha hujitupa tena kitandani hadi jua lipande, na ndoto za usingizi huo wa pili mara nyingi huwa kali na za wazi. Ratiba yake ni ileile ya anayetegesha simu ili atoke mwilini, ila nia zao hazifanani.

Wapo wanaoitegemeza dhana ya roho kulegea kwa aya ya 42 ya Sura Az-Zumar, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu huzipokea roho wakati wa mauti yake, na zile zisizokufa huzipokea katika usingizi wake. Hilo ni jambo la imani, na mashine ya kupima mawimbi ya ubongo haina la kusema juu yake. Hata hivyo, anayeisoma aya hiyo kwa utulivu ataona kwamba anayezichukua na kuzirudisha roho humo ni Mungu, wala hakutajwa mlalaji anayeiongoza roho yake atakako.

“Kadiri unavyojiamsha mara nyingi, ndivyo unavyokaribia”

Dhana hii huwachosha watu bure. Kujiamsha mapema usiku hukata usingizi mzito, ambao mwili huudai kwa nguvu, na matokeo yake ni kwamba mtu akirudi kulala huzama fofofo bila kukumbuka lolote. Mwaka 2017 mtafiti wa Australia, Denholm Aspy, alichapisha matokeo ya jaribio la watu 169 kuhusu mbinu za kuota huku mwotaji akijua kwamba anaota, hali iliyo jirani mno na hii ya kutoka mwilini. Waliojumuisha mazoezi ya mchana, kuamka mara moja baada ya kulala saa tano hivi, na kujiwekea nia kabla ya kulala tena, walifanikiwa kwa asilimia 17 katika wiki moja. Kinachovutia zaidi ni kwamba waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifikia asilimia 46. Wanaosifu kukesha muda mrefu na kupambana na usingizi kana kwamba ni adui wanapaswa kuitazama tarakimu hiyo mara mbili.

“Haiwezi kuwa ndoto, kwa sababu nilikiona chumba changu na nikajiona kitandani”

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na haijibiwi kwa dharau. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake, mjini Geneva, walikuwa wakichunguza ubongo wa mwanamke mwenye kifafa ili kujua mahali pa kutibu. Walipopitisha umeme mdogo katika eneo moja la upande wa kulia, juu na nyuma ya sikio, mwanamke huyo, aliyekuwa macho na akizungumza nao, alihisi anazama kitandani au anaanguka kutoka juu. Umeme ulipoongezwa, alisema anajiona amelala kitandani, akijitazama kutoka juu, ila anaiona miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu. Ulipokatwa, hali hiyo ilikoma. Uliporudishwa, alihisi tena ni mwepesi na anaelea karibu na dari.

Eneo hilo la ubongo huunganisha habari za macho, za ngozi na misuli, na za sikio la ndani linalotunza mizani ya mwili, kisha humpa mtu jibu la swali ambalo hatukumbuki hata kuliuliza: niko wapi? Katika usingizi wa ndoto, habari za misuli na ngozi hazifiki kama kawaida, na picha zinazoonekana hazitoki machoni. Fahamu zikiwa macho wakati huo, ubongo hulazimika kujibu kwa kukisia. Hata ubongo wa aliye macho kabisa unaweza kukisia vibaya. Mwaka 2007 Henrik Ehrsson aliwavalisha watu wenye afya miwani iliyowaonyesha migongo yao wenyewe kwa kamera iliyowekwa nyuma yao, akawagusa kifuani kwa kijiti huku akipeleka kijiti kingine chini ya kamera kwa mwendo uleule. Walihisi wamekaa pale ilipo kamera, na nyundo ilipopungwa upande huo, ngozi zao zilionyesha hofu, ingawa miili yao ilikuwa mbali na nyundo.

Ama chumba, kila mtu anakibeba kichwani. Anayeingia bafuni usiku bila kuwasha taa hutumia ramani hiyohiyo. Waliochunguza kwa makini walichokiona wakiwa “nje” mara nyingi hukuta mlango umehamia ukuta mwingine, au dirisha lililozibwa miaka mingi limerudi.

Upande wa wanaoamini hutajwa sana jaribio la Charles Tart wa Marekani, la mwaka 1968, ambapo msichana mmoja aliyelala maabara alitaja sawasawa namba ya tarakimu tano iliyowekwa juu ya rafu asikoweza kupaona akiwa kitandani. Hutajwa kwa nadra kwamba usimamizi wa usiku ule haukuwa mkali, na kwamba Tart mwenyewe aliacha wazi uwezekano wa namba hiyo kuonekana kwa kuakisiwa kwenye saa ya chumbani. Jaribio lililopangwa vizuri zaidi halikuhusu usingizi bali wagonjwa waliosimama moyo: Sam Parnia na wenzake, katika hospitali 15, waliweka rafu zenye picha zinazoonekana kutoka juu tu, na katika matukio 2,060 yaliyoripotiwa mwaka 2014 hakuna aliyeitaja picha hata moja. Haki inataka isemwe pia kwamba matukio mengi yalitokea katika vyumba visivyo na rafu, hivyo anayelitumia jaribio hilo kama hukumu ya mwisho naye anazidisha.

“Mtetemo ni roho inayong’oka, na kivuli mlangoni ni jini”

Robert Monroe, Mmarekani wa biashara ya redio aliyeanza kupatwa na hali hii mwaka 1958, aliusimulia sana mtetemo unaotangulia “kutoka”, na tangu wakati wake wengi huusubiri kama abiria asubirivyo honi ya basi. Wanaokabwa na jinamizi bila kulitafuta husimulia mambo yaleyale: mvumo masikioni, mwili kutetemeka ilhali hautikisiki, uzito kifuani, na mtu aliyesimama gizani. Pumzi huonekana imekatika kwa sababu aliyezinduka anataka kuvuta hewa kwa nguvu na misuli ya kifua haimtii, huku kiwambo cha chini ya mapafu kikiendelea na kazi yake kama kawaida. Brian Sharpless na Jacques Barber walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2011, walipata kwamba asilimia 7.6 ya watu wa kawaida wamewahi kupatwa na hali hii walau mara moja, na kwa wanafunzi, ambao usingizi wao ni wa kuungaunga, ikawa asilimia 28.3.

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilipoenea Pemba na Unguja, masimulizi mengi yalikuwa na alama hizi za jinamizi, na watu walitoka kulala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Hofu ile ilikuwa na mengine ndani yake, ya kisiasa yakiwemo, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi. Lakini mkesha huo, wa kusinzia na kushtuka hadi asubuhi, ulitosha wenyewe kuzidisha jinamizi lililokuwa likikimbiwa.

“Unaweza kushindwa kurudi”

Hakuna safari, kwa hiyo hakuna kupotea njia. Hali hii huisha usingizi wa ndoto unapokwisha au mtu anapozinduka, na kufungwa kwa mwili hudumu kwa sekunde kadhaa au dakika chache. Habari za kamba ya fedha, inayosemwa kuifunga roho na mwili, inayokatika, au za kiumbe kingine kukalia mwili ulioachwa wazi, zinatoka katika vitabu vya elimu za siri vya Ulaya na Marekani.

“Basi haina madhara yoyote”

Kosa la pili huzaliwa na kusahihishwa kwa la kwanza. Roho haipotei, lakini usingizi unapotea. Anayejikatizia usingizi usiku kwa usiku hulimbikiza deni linalolipwa mchana, na kwa dereva wa bodaboda au wa lori deni hilo hulipwa barabarani. Mwenye kifafa anajua, au aambiwe na daktari wake, kwamba kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya degedege. Mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia anaweza kusukumwa katika msisimko wa kupita kiasi kwa usiku chache tu za kukesha, na aliyewahi kuugua maradhi ya kuona au kusikia yasiyokuwepo hana sababu ya kuyaita tena kwa mlango huu. Anayesinzia ghafla mchana na kukabwa mara kwa mara bila kujiamsha makusudi asijione mwenye kipaji kabla ya kupimwa, maana hizo huenda ni dalili za narkolepsia, ugonjwa wa usingizi unaoweza kudhibitiwa kwa dawa.

Aliyekabwa hushauriwa asipigane na mwili mzima, bali ajaribu kuchezesha kidole kimoja cha mkono au cha mguu hadi kitii. Kwa asiyetaka jinamizi limrudie, ushauri wa kwanza ni alale saa za kutosha kwa wakati uleule kila siku, na alale ubavu, kwa kuwa hali hii huwapata zaidi wanaolala chali. Ni mlalo uleule wa chali ambao mwenzake, aliyetegesha simu ya saa kumi, ameambiwa asiuache.