Pingili yako haijahama

"Daktari, L5 imetoka, nirudishie." L5 ni pingili ya tano ya kiunoni, na pingili ni kila mfupa mmoja wa uti wa mgongo. Maneno haya nayasikia kliniki kila mara, na majuzi yamenifuata hadi nje ya kliniki. Klabu moja ya huduma kwa jamii hapa Nairobi ilinialika kuzungumzia kairopraktiki, fani yangu ya kutibu mgongo na viungo kwa kubonyeza kwa mikono. Wanachama wake ni mawakili, wahasibu, wafanyabiashara, watu wanaosoma. Kilipofika kipindi cha maswali, karibu kila aliyeshika kipaza sauti aliuliza jambo lilelile kwa namna yake: imetoka, imehama, imeruka, imeteguka. Niliwajibu palepale, lakini dakika 20 hazikutosha. Basi hapa naijibu imani hiyo, na nyingine ninazozisikia, moja moja.

"Mfupa umetoka mahali pake"

Kubonyeza migongo ndiyo kazi inayonilisha. Hata hivyo nasema wazi: sijawahi kurudisha pingili ya mtu mahali pake, kwa sababu haikuwa imetoka. Pingili 24 zinazojongea, kuanzia shingoni hadi kiunoni, zimeshikwa na diski (vimto vilivyo kati ya pingili), kano na tabaka kadhaa za misuli. Diski nayo imeshikamana na mfupa wa juu yake na wa chini yake. Haiwezi kuchomoka kama sabuni mkononi. Inachoweza ni kutuna, au kupasuka ukingo, ute wa ndani ukavuja na kuisumbua neva iliyo jirani. Hilo ni jeraha, tena la aina ambayo mara nyingi hupona bila kisu, na ute uliovuja mara nyingi hufyonzwa na mwili wenyewe.

Pingili hutoka kweli kwenye ajali mbaya ya barabarani au mtu akianguka kutoka ghorofani. Majeruhi wa namna hiyo hubebwa kwa machela, na anayemhitaji ni daktari wa upasuaji. Ipo pia hali ya pingili moja kusogea mbele ya iliyo chini yake, na eksirei huionyesha vizuri. Hiyo nayo haisukumwi ikarudi kwa mikono ya mtu yeyote, iwe yangu au ya mkandaji wa mtaani.

Hapo mgonjwa huniuliza: kama haikurudi, ule mlio wa "ko!" ni wa nini? Ni wa gesi. Ndani ya kiungo mna majimaji yaliyoyeyusha gesi, na nyuso za kiungo zikiachana ghafla, msukumo hushuka na uwazi wa gesi hutokea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta kidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kikalia, na uwazi huo ukaonekana kwenye picha. Kidole kikishalia, hakilii tena kwa takriban dakika 20. Na kiunoni, utafiti uliopima mahali mlio ulipotokea uligundua kwamba karibu nusu ya milio haikutoka kwenye kiungo kilicholengwa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mlio ni ushahidi wa mfupa kurudi.

Nafuu unayoisikia ni ya kweli. Misuli hulegea na maumivu hupungua kwa saa kadhaa au siku chache. Ninachotaka ufanye na nafasi hiyo ni kuanza kutembea na kufanya mazoezi. Ukirudi kulala kitandani, tumepoteza muda wako na pesa zako.

Imani hii ya mfupa kutoka ilipandwa na fani yangu yenyewe, na ndiyo maana inaniuma. D. D. Palmer, mwanzilishi wa kairopraktiki, alimbonyeza mtunza jengo aitwaye Harvey Lillard mjini Davenport, Iowa, Septemba 1895, akatangaza kwamba amerudisha pingili na kumrudishia usikivu. Neva ya kusikia haipiti shingoni hata kidogo. Hutoka kwenye ubongo na kufika sikioni ndani ya fuvu. Mwaka 1910 Palmer aliandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa husababishwa na pingili zilizohama. Zaidi ya karne moja baadaye, bado wapo wanaomtoza mgonjwa vikao vya mwaka mzima kwa mkupuo ili "mfupa usihame tena".

Madhara yake nayaona kwenye kiti cha mgonjwa. Mwalimu mmoja aliketi ukingoni, mkono kiunoni, bahasha ya MRI mapajani. Aliambiwa mgongo wake umetoka, akaacha kuinama kabisa. Chaki ikianguka, mwanafunzi ndiye anayeiokota. Nilimwambia ainame akishika meza, kidogo kidogo, huku akipumua. Kisha bila meza. Vidole vikafika kwenye kamba za viatu. Akainuka, akanitazama, akainama tena bila kuambiwa. Kilichomfunga ni hofu pamoja na misuli iliyokazwa na hofu hiyo.

Na ripoti ya bahasha ile? Diski imetuna. Mapitio ya tafiti, ya mwaka 2015, yalikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote: wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, wa miaka 80, asilimia 96. Ukipiga picha utakuta kitu, na kitu hicho huenda hakihusiani na kinachokuuma.

"Lala sakafuni, au godoro gumu kabisa"

Hapana. Jaribio la Hispania lililochapishwa 2003 lililinganisha godoro gumu na la ugumu wa wastani kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. La wastani lilishinda.

"Vaa mkanda, pumzika hadi upone"

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauungi mkono mikanda hiyo. Unataja mazoezi, elimu, na hata tiba ya mikono kama yangu, ikiwa sehemu tu ya matibabu. Kulala kitandani kwa siku nyingi hudhoofisha. Tembea! Shuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chako, kila siku, hata kama unatembea polepole.

"Kubonyezwa hutibu presha, pumu na kisukari"

Hakutibu. Usiache dawa zako.

"Kila maumivu ya mgongo ni ya kubonyezwa"

Hii inaweza kuua. Kifua kikuu huingia kwenye pingili na kuzila, na kansa ya matiti na ya tezi dume hupenda kusambaa huko. Ukikonda bila sababu, ukitoa jasho jingi usiku, ukiwa na homa, au maumivu yakizidi ulalapo, tafuta daktari akupime kwanza. Maumivu makali mapya ya shingo yakija na kichwa kinachouma kuliko ulivyowahi kuumwa, au kizunguzungu, usikubali mtu akuzungushe shingo. Huenda mshipa wa damu umechanika. Na ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka, usisubiri miadi yangu ya Jumatatu. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huohuo.