Kerneli ikipaniki usichomoe waya kwanza: mambo watu wanayoyakosea kuhusu pstore

Hapa Mwanza dawa ya kwanza ya mashine ikigoma ni zima washa, na mara nyingi inasaidia sibishi, ila kwa seva ya Linux iliyoganda hiyo dawa inaweza kukufutia ushahidi wote.

"Logi zote zipo /var/log, nitaangalia baadaye." Sio zote mkuu. Kerneli, yani kiini cha Linux kinachoendesha mashine nzima, ikipaniki, yani ikikwama kwa kosa isiloweza kulimudu, haiwezi tena kuuamini mfumo wa mafaili maana huenda hukohuko ndo kumeharibika, kwa hiyo maneno yake ya mwisho, yani yale yale unayoyatafuta, mara nyingi hayafiki kwenye diski. Ndo kazi ya pstore, iko ndani ya Linux toka toleo 2.6.39 la 2011, inachukua mkia wa logi inauweka sehemu itakayobaki baada ya riboti, afu ukiwasha unaukuta /sys/fs/pstore.

"Ikishahifadhi imehifadhi, hata umeme ukikatika." Hapa ndo watu wanaumia sana, maana inategemea imehifadhi wapi. Ramoops, njia mojawapo ya pstore ya kuhifadhi, ile inayotumika kwenye simu za Android na vibodi vidogo, inatumia kipande cha ramu kilichotengwa, na ramu inashika data pale mashine inapojiriboti bila moto kukatika, tena kuna baiosi (programu ya bodi inayoiwasha mashine) zinaifuta hata hapo. Sasa chukulia seva ya chemba ya baridi ya samaki pale Igogo inapaniki usiku wa manane, mlinzi anaona taa zinawaka ila hakuna kinachoendelea, anachomoa plagi anarudisha, asubuhi fundi anakuta folda tupu anasema pstore ni uongo. Kwenye mipangilio ya kerneli weka kernel.panic=10 ijiriboti yenyewe baada ya sekunde 10, mlinzi asihangaike, na UPS iwepo. Kama mashine ni ya UEFI, yani ile iliyochukua nafasi ya baiosi ya zamani, kuna efi-pstore, inaandika kwenye flashi ya bodi, hiyo umeme uende uwezavyo unaikuta.

"Ni kopi ya memori nzima." Wapi, kwa kawaida ni kama kilobaiti 10 za mwisho tu. Ukitaka memori yote tafuta kdump. Na programu ya mauzo ikikrashi peke yake kerneli ikabaki nzima, pstore haihusiki kabisa.

"Basi niiache ijaze tu." Hapana, nafasi ya UEFI kwenye ile flashi ni finyu. Mwaka 2013 kuna laptop za Samsung zilikufa jumla, haziwaki tena, kwa sababu ile nafasi ilijaa, na ikaja kuonekana hata ukiijaza kutoka Windows zinakufa vilevile, yani kosa lilikuwa la famuwea yao (programu iliyo ndani ya bodi), toka hapo Linux ikawekewa breki isijaze. Ukilifuta faili ndani ya /sys/fs/pstore na rekodi yake kule kwenye flashi inaondoka, kwa hiyo kopi kwanza.

Folda ikiwa tupu pia usikate tamaa haraka, systemd, ile inayoendesha huduma kwenye Linux nyingi, toka toleo 243 ina huduma inayoyahamishia mafaili hayo /var/lib/systemd/pstore. Huko nako hamna kitu? Angalia kama distro yako, yani aina ya Linux unayotumia, haijaizima efi-pstore kwa mpangilio wa pstore_disable, zipo zinazokuja hivyo.