Injini inapolia kayamba alfajiri: maana ya W kwenye oili, na kimpira cha ndani ya filta

Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, huku Umoja, Nairobi, utasikia magari yakiwashwa moja baada ya jingine. Mengine huwaka kimya. Mengine hulia kwanza, krrr, kama kayamba, sekunde mbili tatu, kisha yanatulia. Mwenye gari akiuliza, jibu analopewa ni lilelile: injini imechoka, tia oili nzito. Nami niliambiwa hivyo, nikatia 20W-50 kwenye Toyota Fielder yangu miaka miwili, na mlio ukazidi.

Injini ikilala, oili huteremka hadi kwenye sampu, lile bakuli la chini. Asubuhi pampu huivuta upya, huipitisha kwenye filta, kisha huipandisha hadi juu. Sasa, kuna vipande vinavyokaa imara kwa msukumo wa oili peke yake. Kwenye injini nyingi za cheni, kimojawapo ni kikazio cha cheni ya taimingi, yaani kifaa kinachoikaza cheni inayoendesha vali za injini kwa wakati wake. Oili ikichelewa, kikazio hakina nguvu, cheni inalegea na kupigapiga. Mlio unaousikia ni wa zile sekunde ambazo oili bado iko njiani. Ukiifanya nzito zaidi, unaichelewesha zaidi.

Hapo ndipo namba za mtungini zinapohitaji kusomwa vizuri. Kwenye 5W-30, ile 30 inaeleza uzito wa oili injini ikiwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Ile 5W inaeleza oili inavyokwenda kwenye baridi. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Vipimo hivi ni vya SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1905. Oili ya 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba iliyo kabla ya W ikiwa ndogo, oili hukimbia upesi zaidi ikiwa baridi.

Utauliza, Nairobi tuna baridi gani ya namna hiyo? Hatuna. Alfajiri ya Julai hushuka kwenye nyuzi 11 au 12 hivi, na sidhani utasikia tofauti ya 0W na 5W hapa. Lakini 20W-50 kwenye baridi hiyohiyo ni nzito mara kadhaa kuliko 5W-30. Imimine alfajiri uone inavyoshuka, kama uji wa wimbi uliopoa. Kitabu cha gari langu kilitaja 5W-30 tangu mwanzo. Niliporudi kwenye hiyo, mlio ulipungua.

Ulipungua, haukuisha. Kilichobaki kilikuwa kwenye filta.

Ndani ya filta ya kufunga kwa kuzungusha kuna kimpira cha duara, nyuma ya vile vitundu vidogo vya pembeni. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi chini injini ikizimwa, ili asubuhi filta iwe imejaa tayari. Filta iliyofungwa mdomo ukitazama juu haikitegemei sana. Iliyolala ubavu au kuinamisha mdomo hukitegemea kabisa. Fundi wangu wa Grogan, mtaa wa gereji na spea hapa Nairobi, aliikata filta yangu kwa msumeno, akakitoa na kunipa. "Bosi, kunja uone." Nilikikunja kikakatika kama biskuti.

Vimpira vya bei ya chini huwa vya nitrili, aina ya mpira, kwa kawaida vyeusi, na joto la miezi mingi huvikausha. Vya silikoni, mara nyingi rangi ya chungwa au kahawia, huvumilia joto vizuri zaidi. Sisemi kila cheusi ni kibaya; ukibadilisha filta kwa wakati, kinafanya kazi yake. Ila ukiwa dukani, mulika tochi ya simu kwenye vile vitundu na ukibonyeze kimpira taratibu kwa kijiti cha meno. Kinapaswa kubonyea na kurudi. Kikiwa kigumu kama plastiki, rudisha hiyo filta kaunta.

Unaweza kujua kama tatizo lako ni hili. Zima injini, ngoja dakika kumi, washa tena. Kama kayamba halilii, na hulia tu gari likilala usiku kucha, anza na oili na filta. Kama linaendelea hata injini ikipata moto, cheni au kikazio kimeisha, na hakuna oili itakayokiponya. Taa ya oili isipozimika baada ya kuwasha, zima injini papo hapo na upime oili kwa kijiti chake. Ikiwa imeshuka chini ya alama, huenda pampu inavuta hewa.