Tuzo haimfuati mtafiti alipo

Wengi huamini kwamba utafiti mzuri hujiuza wenyewe, kisha tuzo ikamfuata mwenye nao. Sivyo. Kwa Nobel ya fizikia huwezi kupeleka jina lako mwenyewe. Lazima upendekezwe na mtu aliyealikwa kupendekeza, kabla ya Januari 31 kupita, na majina hufichwa miaka 50. Kwa tuzo nyingine nyingi pia, bila barua ya mpendekezaji jina halifiki mezani. Ndiyo maana vyuo vikuu kadhaa Marekani vimeajiri watu wa kufuatilia tarehe, kutafuta wapendekezaji na kusaidia kuandika barua zinazoeleweka. Naona ni haki kabisa, maana mtafiti hodari huwa hana muda huo. Lakini barua hazinunui ushindi: Lise Meitner, aliyefafanua mpasuko wa kiini cha atomu, alipendekezwa Nobel zaidi ya mara 40, asiipate.